Mashine ya Espreso kwa Nyumba ya Edmonton: Anza na Maji

Ukitaka kujua mashine ya kahawa itaishi muda gani jikoni mwako hapa Edmonton, London, fungua birika lako la umeme uangalie chini. Ule ukoko mweupe ulioganda kwenye chuma, unaobanduka vipande vipande ukaelea juu ya chai ya wageni, ndio utakaoingia ndani ya mashine utakayoinunua kwa pauni mia tatu au elfu moja. Birika unalimwagia siki usiku, asubuhi limetakata. Mashine ya espreso huwezi kuifanyia hivyo: ndani yake mna mirija yenye upana wa milimita chache, na vali yenye tundu dogo zaidi, na ukoko ukikaa mahali hapo hauonekani mpaka siku maji yakatae kutoka.

Kwa hiyo kila ninapoulizwa "ninunue mashine gani?" huanza kujibu kwa kuuliza habari za maji. Pesa uliyotenga kwa ajili ya espreso nyumbani ina mafungu matatu: maji, kisagio, kisha mashine, na kwa mpangilio huohuo. Wengi wetu tunaanza na mashine kwa sababu ndiyo inayong'aa dukani, pesa inaishia hapo, halafu mashine inalishwa maji ya bomba na kahawa iliyosagwa mwezi uliopita. Kinachotoka hakina ladha, na lawama anabebeshwa mtengenezaji.

Ugumu wa maji ya London unatokana na ardhi yanakotoka. Chini ya jiji na chini ya vilima vya kaskazini yake kuna tabaka nene la mwamba wa chaki, na mvua inayopenya humo hutoka ikiwa imebeba kalisiamu. Mto Lea, unaopita mashariki ya Edmonton, huanzia upande wa Luton na kukusanya maji ya nchi hiyo ya chaki. New River, mfereji uliokamilika mwaka 1613 kuleta maji ya chemchemi za karibu na Ware hadi London, unapita Winchmore Hill na Palmers Green, sehemu zilizokuwa ndani ya parokia ya zamani ya Edmonton, na hadi leo bado una kazi ya kuleta maji mjini. Maji hayo hayana ubaya wowote kwa afya yako. Ubaya wake huanza yanapopashwa moto: gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka, na kalisiamu iliyokuwa imeyeyuka huganda ikawa chokaa, tena huganda pale penye joto zaidi, yaani juu ya koili na ukutani mwa boila.

Chama cha kimataifa cha kahawa bora, SCA, hupendekeza maji yenye ugumu wa kati ya miligramu 50 na 175 kwa lita. Maji ya bomba katika sehemu kubwa ya London huzidi miligramu 200. Ukiandika postikodi yako ya N9 au N18 kwenye tovuti ya Thames Water utaona kipimo cha mtaa wako. Kipimo hicho kiandike mahali, kwa sababu baadhi ya mashine hukuuliza ugumu wa maji mara ya kwanza unapoziwasha, na ukiacha namba waliyoiweka kiwandani mashine huenda ikachelewa kukukumbusha kuisafisha.

Sasa ufanye nini? Jagi la kuchujia maji, lile lenye katriji ndani, linatosha nyumba nyingi. Katriji hupunguza kalisiamu na harufu ya klorini, na ladha ya kahawa hubadilika siku hiyohiyo. Maelekezo ya katriji nyingi husema ibadilishwe baada ya wiki nne hivi, ila kwa maji ya kwetu, na hasa kama jagi hilohilo ndilo la chai ya familia nzima, huchoka mapema. Nunua vijikaratasi vya kupimia ugumu, vile vinavyochovywa majini sekunde moja vikabadilika rangi. Ni bei ndogo, na vitakwambia ukweli kuliko kalenda. Njia ya pili ni maji ya chupa yenye madini machache. Watu wa espreso wa Uingereza hutaja sana Ashbeck ya Tesco, na Volvic nayo inafaa. Wengine huchanganya maji ya chupa na ya jagi. Usije ukatumia maji yaliyotoneshwa, yasiyo na madini kabisa, ukidhani umemaliza tatizo. Mashine zenye kihisio cha ujazo ndani ya boila huhitaji madini kidogo ili zijue kuwa kuna maji, maji matupu namna hiyo hula chuma, na kahawa yake ni chapwa.

Hata ukichuja, mashine itahitaji dawa ya kuondoa chokaa mara kwa mara. Fuata kijitabu cha mtengenezaji wako, kwa maana boila la aluminiamu na boila la shaba hayavumilii asidi kwa namna moja. Siki iache kwenye birika. Ndani ya mashine harufu yake hung'ang'ania kwenye mipira ya kuzibia na utaionja kwa siku kadhaa.

Tuje kwenye kisagio, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo palipo na ubishi nyumbani. Mwenzako atauliza kwa nini utoe pauni mia na ushei kununua kitu cha kusagia wakati blenda ipo. Blenda hukatakata. Hutoa vumbi na mabonge pamoja, na maji yakisukumwa kwa nguvu hupita palipo rahisi, kwenye mabonge, yakaacha vumbi limeshikamana. Kikombe kimoja kinakuwa kichungu na kikali kwa pamoja. Espreso huchukua takriban nusu dakika tu kupita kwenye kahawa. Muda huo mfupi hauna nafasi ya kusamehe usagaji mbovu, tofauti na kahawa ya kuchemsha ambayo huiva polepole, masimbi yakatuama chini, na kila kitu kikawa sawa.

Kahawa iliyosagwa tayari nayo ina matatizo mawili. Manukato yake huondoka haraka, na huwezi kubadilisha ukubwa wa chenga zake. Kwenye maduka ya Waturuki ya Fore Street utapata kahawa nzuri sana iliyosagwa laini kama poda, kwa ajili ya kuchemshwa kwenye kijisufuria chao cha mpini mrefu. Itumie hivyo, au uipike kwa namna yetu ya Afrika Mashariki. Ukiitia kwenye mashine ya espreso itaziba, pampu itaguna na kitatoka kidogo sana, cheusi na kichungu. Pakiti ya kahawa ya unga uliyoletewa kutoka Moshi au Nairobi huwa na tatizo la upande wa pili: mara nyingi ni chenga kubwa mno, maji hupita mbio na kikombe kinakuwa chepesi. Na Africafe, ile ya kopo inayotoka kiwanda cha Tanica Bukoba, ni ya kuyeyuka. Haina nafasi kwenye mashine kabisa, ila ni msaada mkubwa siku umeme ukikatika na una jiko la gesi.

Kisagio cha mkono chenye meno ya chuma cha pua, cha kati ya pauni 80 na 150, husaga vizuri kuliko visagio vingi vya umeme vya bei mara mbili yake, kwa sababu pesa yako imekwenda kwenye meno, haikwenda kwenye mota. Kinataka mkono na kama dakika moja ya kuzungusha. Kwa anayekaa kwenye fleti ambayo jirani anasikia hata kijiko kikianguka, na anayetoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi shifti, naona hicho ndicho chaguo la kwanza. Kisagio cha umeme wakati huo kitaamsha watoto wako na wa jirani. Ukitaka cha umeme hata hivyo, uliza swali moja tu dukani: je, kinaweza kurekebishwa kwa hatua ndogondogo kwenye upande wa usagaji laini? Kikiwa na hatua kumi kuanzia espreso mpaka kahawa ya kuchuja, kiache. Utajikuta hatua moja maji hayatoki, hatua inayofuata yanamwagika.

Kuhusu mashine yenyewe, jambo la kwanza ni kutohadaika na namba ya presha. Boksi litakuwa limeandikwa 15 bar, jingine 20, na muuzaji atakwambia kubwa ni bora. Espreso hutengenezwa kwa takriban baa 9. Achille Gaggia wa Milano alifikia nguvu ya kiasi hicho mwaka 1948 kwa mashine yenye mkono wa kuvuta na springi ndani, bila pampu ya umeme, na ndipo lile povu la rangi ya asali lilipoanza kuonekana juu ya kikombe. Mashine za mvuke za kabla yake zilikuwa na presha ndogo sana. London iliipokea mwaka 1953, Moka Bar ilipofunguliwa Frith Street huko Soho ikiwa na mashine ya Gaggia. Ile 15 ya kwenye boksi ni nguvu ya mwisho ambayo pampu inaweza kufikia. Mashine nzuri ina vali inayoishusha. Mashine dhaifu inakuachia yote, na kahawa inapondwa.

Jambo la pili unaweza kulikagua kwa vidole vyako. Omba mpini wa mashine, toa lile chujio la chuma linaloshika kahawa, ligeuze uangalie kitako chake. Ukiona matundu mamia, pande zote mbili, hilo ni chujio halisi. Ukiona upande wa ndani una matundu mengi lakini kitako cha nje kina kitundu kimoja tu cha sindano, hilo lina kuta mbili: presha inatengenezwa na kile kitundu, wala si kahawa yako, na povu linalotoka ni hewa iliyopigwa. Halina dhambi kwa asiyekuwa na kisagio. Lakini kama umeshanunua kisagio kizuri, linakuzuia kuonja tofauti yake. Hakikisha mashine inakuja na chujio halisi, au kwamba linauzwa pembeni kwa kipimo cha mpini wako. Vipimo vinatofautiana: De'Longhi Dedica ni milimita 51, mashine nyingi za Sage za nyumbani ni 54, Gaggia Classic na Rancilio Silvia ni 58, kipimo kilekile cha mashine nyingi za mikahawani. Kwa kipimo cha 58 hutakosa spea wala kishindilio popote utakapohamia.

Mashine za vidonge sitakaa nazo. Ni safi na za haraka, lakini kahawa yake utaigharamia zaidi kila siku, na huwezi kutia humo buni ulizotumiwa kutoka Mbinga. Zile zinazofanya kila kitu zenyewe, kuanzia kusaga mpaka kupiga maziwa povu, zinafaa kwa nyumba ambayo watu wanne wanatoka kwa nyakati tofauti na hakuna mwenye hamu ya kujifunza. Kasoro yake ni kwamba ndani zimejaa njia za maji na maziwa ambazo lazima zisafishwe, na kisagio kikiharibika mashine nzima inakwenda kwa fundi. Mimi napendelea vitu viwili vilivyo mbalimbali.

Zinabaki zile zenye mpini. Hapa swali la kujiuliza ni mnakunywa nini. Nyumba nyingi za Waafrika Mashariki hapa ninazozijua ni nyumba za maziwa: hata kahawa inatakiwa iwe nyeupe, tamu, na ya moto kwelikweli. Mashine yenye boila moja hupasha maji ya kahawa kwenye nyuzi 90 na kitu, halafu inabidi ipande zaidi ya 100 kutoa mvuke wa maziwa, halafu ishuke tena kwa kikombe kinachofuata. Kwa watu wawili si shida. Kwa watu wanne asubuhi ya Jumapili kabla ya kanisa, ni foleni. Mashine zenye mfumo wa kutoa maji na mvuke kwa wakati mmoja huondoa foleni hiyo, lakini bei yake kwa kawaida huanzia kwenye pauni mia nane au elfu moja na kupanda, ni nzito, na baadhi huchukua nusu saa kupata moto barabara. Ukiamka alfajiri, nusu saa ni usingizi.

Na wageni? Wakija watu kumi barazani, usiwape espreso. Hakuna mashine ya nyumbani itakayowahudumia kwa pamoja, na wa kwanza atakuwa amemaliza kabla wa mwisho hajapata. Pika kahawa chungu ya tangawizi kwenye birika kubwa, imimine kwenye dele kama unalo au kwenye chupa ya chai, toa vikombe vidogo na kashata. Mtu aliyewahi kusimama Jaws Corner pale Mji Mkongwe jioni, muuza kahawa akijaza kikombe baada ya kikombe kutoka kwenye dele moja, anajua kuwa kahawa ya watu wengi ina chombo chake. Mashine ni ya wewe na mwenzako. Ukilikubali hilo mapema, utajiokolea pauni mia kadhaa.

Kwa majina, basi. Mwenye bajeti ndogo na jiko finyu ataikuta Dedica, yenye upana wa sentimita 15, inayokaa pembeni ya tosta bila ugomvi. Iko sawa kwa kuanzia, mradi ubadilishe chujio baadaye. Sage Bambino hupata moto kwa sekunde tatu, na toleo la Plus hupiga maziwa lenyewe. Ukiwa na haraka kila asubuhi hiyo ni hoja nzito. Ujue kwamba kampuni hiyo nje ya Ulaya hutumia jina la Breville, kwa hiyo ukitafuta spea au video za matengenezo tafuta kwa majina yote mawili. Gaggia Classic imekuwepo tangu 1991. Boila lake ni dogo na joto lake hupanda na kushuka, lakini palipo na bisibisi na mtu mwenye subira, pana Gaggia inayotengenezeka: gasketi, vali, thamostati, pampu, vyote vinauzwa kimoja kimoja kwa bei ya kawaida. Toleo la 2024 lina boila la shaba ya njano. Rancilio Silvia ni ya ukoo huohuo, nzito zaidi, boila lake ni la mililita 300, na mvuke wake una nguvu ya kutosha kwa maziwa ya vikombe viwili vikubwa.

Ningekuwa na pauni 600 za jumla leo, na ninaishi N18, ningenunua Gaggia Classic, kisagio cha mkono cha pauni 100 hivi, jagi la maji na katriji za miezi sita, na mizani ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Nisingeigusa mashine ya pauni 550 yenye kioo cha kugusa. Fundi wa kufungua kioo ni adimu, na kikifa baada ya waranti kwisha, mashine nzima inakwenda kutupwa ikiwa na boila zima. Kama mvuke wa haraka ndio unaoutaka na hutaki kushika bisibisi maishani, chukua Bambino Plus na moyo wako utulie. Ni mashine nzuri, ila haikukusudiwa kukaa nawe miaka ishirini.

Mashine zilizokwisha kutumika zinapatikana kwa wingi kwenye Gumtree na Facebook Marketplace, na sehemu hii ya London ina watu wengi wanaohama na kuuza. Usikubali kukabidhiwa mlangoni ndani ya boksi. Omba iwashwe mbele yako, na ufike kabla haijapata moto ili uisikie ikianzia baridi. Pampu ingurume kwa sauti moja. Ikipandapanda na kukatika, ama inavuta hewa ama chokaa imebana. Acha maji yatoke bila mpini: yashuke kama manyunyu sawasawa kutoka kwenye kile kichujio cha juu, yasimiminike upande mmoja. Fungua mvuke, uone unatoka kwa nguvu, kisha ufunge uhakikishe hautiririki. Inama uchungulie chini ya kichwa cha mashine penye skrubu ya katikati. Ukiona rangi nyeupe iliyojikusanya kuizunguka skrubu, nawe unajua kinachoonekana nje ni sehemu ndogo ya kilichomo ndani, punguza bei au ondoka. Mwisho muulize muuzaji alikuwa akitumia maji gani. Asiyeelewa swali amekwisha kukujibu.

Dukani una ulinzi ambao mtu binafsi hawezi kukupa, na wengi wetu hatuutumii. Chini ya Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015, kitu chenye hitilafu unaweza kukirudisha ndani ya siku 30 na kudai pesa zako zote. Baada ya hapo muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na ndani ya miezi sita ya kwanza ni juu yake kuonyesha kwamba hitilafu haikuwepo tangu mwanzo. Usikubali kuambiwa "wasiliana na kiwanda". Mkataba wako ni na duka. Ukinunua mtandaoni una siku 14 za kubadili mawazo tu, hata bila hitilafu. Na ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinaibana benki pamoja na muuzaji, jambo lenye faida duka likifilisika. Weka risiti. Weka pia picha za vijikaratasi vyako vya maji, kwa sababu madhara ya chokaa ndiyo kisingizio cha kwanza utakachokutana nacho ukidai waranti.

Kabla ya kuweka mashine mahali pake, tazama soketi. Majiko ya fleti nyingi za hapa yana soketi chache, na waya wa nyongeza hubeba umeme wa kama wati 3,000 kwa jumla. Birika peke yake linaweza kula zote hizo. Ukichomeka birika na mashine ya wati 1,400 kwenye waya mmoja na kuviwasha pamoja, plagi inapata moto na fyuzi inakatika, hiyo ikiwa una bahati. Mashine ipate soketi ya ukutani yake yenyewe.

Kisha buni. Tafuta pakiti yenye tarehe ya kukaangwa, maana tarehe ya mwisho ya matumizi haikwambii kitu. Kahawa ya espreso hupendeza zaidi kuanzia wiki moja baada ya kukaangwa mpaka wiki ya tano au ya sita. Kwa aliyelelewa na kahawa chungu ya pwani, kahawa ya Kenya iliyokaangwa kidogo, hasa ya aina ya SL28, itamshtua kwa uchachu. Ni kahawa ya thamani kubwa, lakini kwenye espreso inataka kisagio kizuri na mkono uliozoea. Anza na Kilimanjaro au Bugisu ya Mlima Elgon iliyokaangwa wastani. Wala usiione haya robusta ya Uganda au ya Bukoba. Robusta kidogo kwenye mchanganyiko huleta povu zito na ule uchungu tunaoutambua, ila ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo isiwe ya saa mbili usiku. Buni zilizokaangwa mpaka zikatoa mafuta zitashikana kwenye meno ya kisagio. Zitumie kwa kuchemsha.

Pima gramu 18 za kahawa, upate gramu 36 za kinywaji, kwa sekunde 25 hadi 30. Maji yakikimbia, saga laini zaidi. Yakikwama, legeza. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na acha kahawa yenyewe ikuongoze baada ya hapo. Iliki na tangawizi visipite kwenye kisagio wala kwenye mpini: mafuta yake huingia kwenye meno na mipira, na kila kikombe kitanukia pilau kwa wiki nzima. Chemsha iliki ndani ya maziwa, yachuje, yapoe kabisa, kisha uyapige mvuke. Tangawizi mbichi itie kikombeni, kipande chembamba, umiminie espreso juu yake.

Wapo wanaonunua huku wakiwa na nia ya kuipeleka nyumbani siku moja, na mashine ya Uingereza inafaa kwa hilo. Umeme wa Kenya, Uganda na Tanzania ni wa volti 230 hivi na hezi 50 kama wa hapa, na plagi ya pini tatu za mraba inaingia bila adapta kwenye soketi nyingi. Ya Marekani, ya volti 120, ndugu yako asikuletee hata kwa bure. Kabla ya kuifunga, toa maji yote kwenye tangi na kwenye boila, na iondolee chokaa mara ya mwisho, ili isisafiri na ukoko wa Edmonton. Kule inunulie stabilaiza siku ya kwanza. Nairobi, maji ya bomba yanayotoka Ndakaini ni laini na yataipumzisha. Pwani fanya tahadhari nyingine kabisa: visima vingi vina chumvi, jagi la katriji haliondoi chumvi, na chumvi hula chuma ambacho chokaa ingekiziba tu. Huko tumia maji ya chupa, na jagi mwachie mpangaji atakayeingia kwenye fleti yako.